Baba Mkwe, Siku Miwani Yako Ilipoganda

Baba mkwe mpendwa,

Shikamoo. Najua barua hii atakusomea wifi, na nyumba yenu naijua: akichana tu bahasha, majirani watakuwa wameshaketi na chai mkononi. Basi nimeiandika wazi. Asiyetaka kusikia mambo ya mkamwana na baba mkwe wake atoke nje akaangalie ng'ombe.

Leo asubuhi theluji ya kwanza imeanguka huku kwetu Champlin, Marekani. Nimeingia gereji kutafuta koleo, nikazikuta zile pikipiki za theluji mbili chini ya turubai, na juu ya usukani wa moja imening'inia miwani yako, ile kubwa ya mpira inayofunika nusu ya uso. Hakuna aliyeigusa tangu uondoke. Nikakaa kwenye kiti chako nikalia kidogo. Halafu nikatoka kusukuma theluji, kwa sababu theluji ya hapa haimsubiri mtu amalize kulia.

Kwa faida ya wageni waliojikaribisha hapo sebuleni, nieleze. Kwetu sisi Wanyakyusa, kwa wale wanaoshika mila, mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, na baba mkwe hamtazami mkamwana. Hawapeani kitu mkono kwa mkono. Huyu akipita huku, yule anapita kule. Siku hizi wengi wameacha, na mwanao aliniapia kwamba ukishafika Marekani utalegeza. Hukulegeza hata kidogo. Nyumba ina vyumba viwili na choo kimoja, nje baridi ya kuua mtu, na sisi tunapishana kwa kukohoa kila kona.

Mwanao alikuwa akitoka alfajiri kwenda kazini, kwenye ghala moja huko Shakopee. Mimi nilikuwa nikirudi asubuhi hiyo hiyo kutoka hospitali Saint Paul, nimekesha na wagonjwa. Mkalimani wetu alikuwa Neema, mjukuu wako, miaka sita, ambaye Kiswahili chenyewe alikuwa anakijibu kwa Kiingereza. Akishaenda shule, tunabaki na sufuria. Mimi nasimama jikoni nakupa mgongo, naiambia sufuria, "Wewe sufuria, ndizi zimeiva, ziko mezani." Nawe unageukia dirisha, unasema, "Dirisha, mwambie aliyepika Mungu amzidishie." Nilikuwa nacheka hadi natetemeka mabega. Sijui kama uliona, maana ulikuwa hutazami.

Nimekaa na watu wengi nchi hii, baba, tunatazamana macho kwa macho kila siku, na sijawahi kuongea nao nikasikilizwa kama ile sufuria ilivyonisikiliza.

Halafu ukaambiwa kwamba yale madude gerejini ni pikipiki. Makubwa! Mwinjilisti mstaafu, miaka yako yote umepanda na kushuka milima ya Rungwe juu ya pikipiki, ukienda usharika hadi usharika huku unaimba tenzi, leo unaonyeshwa pikipiki isiyohitaji barabara. Jumamosi ya wiki hiyo hiyo mwanao akakupeleka ziwani, ambako maji huganda hadi yakabeba gari. Mkarudi haraka, wewe umenuna. Nikasikia ukimweleza mwanao sebuleni: "Watu wanasema huko kuna ziwa, kuna misitu. Mimi sikuona kitu. Nimeona pumzi yangu mwenyewe."

Ukungu wa Tukuyu uliuzoea tangu utoto, lakini ule unatoka mlimani. Huu ulikuwa unautengeneza mwenyewe ndani ya miwani. Na mimi niliujua ugonjwa na dawa yake, kwa sababu jirani aliyetuuzia zile pikipiki alinifundisha mimi. Mwanao alifundishwa pia, ila yeye, unamjua, akishika usukani masikio yanafungwa.

Basi nikaihubiria sufuria. Wewe sufuria, pumzi ishuke chini, kile kikinga pua cha ndani ya helmeti kikae sawasawa, kibane, hewa ya moto isipande machoni. Wewe sufuria, miwani isipandishwe juu ya paji la uso hata mkisimama, maana kichwa kinatoa jasho, jasho likiingia kwenye kioo linakuwa ukungu, na upepo ukipiga linakuwa barafu. Usifute kwa ndani na glavu, utakwaruza. Matundu ya hewa yasizibwe na theluji. Usikae umesimama muda mrefu, mwendo ndio unaopuliza unyevu ukatoka. Na beba miwani ya pili, kavu, ndani ya koti, karibu na mwili. Kisha dirisha likaulizwa kama kuimba kunaruhusiwa.

Nikaiambia sufuria kuimba ndiko kubaya kuliko yote.

Siku zako za kurudi zilikuwa zimekaribia. Mwanao alikuahidi ziwa mara ya pili, na asubuhi ya ahadi kazini wakamwita. Nilikuona, samahani, niliona kivuli chako, umekaa umevaa buti tayari kama mtoto wa sikukuu aliyekosa kanisa. Roho ikaniuma. Nikaiambia sufuria kwamba pikipiki ziko mbili, na kwamba mtu akivaa helmeti, kitambaa cha uso na miwani ile, amejifunika kuliko bibi harusi. Mwishowe likasema mila haikutaja theluji.

Kwenye gari ulikaa nyuma kabisa, kichwa umekigeuzia nje. Ziwani mimi nikatangulia, wewe nyuma, katikati yetu nafasi ambayo hata bibi yangu angeisifu. Jua lilikuwa linawaka bila joto. Nilikuwa nageuka kukuangalia kwa mbali, nikaona kichwa chako kinayumba kushoto na kulia, nikajua: mzee anaimba. Nilisema peke yangu, haya, tumekwisha.

Mara ukasimama. Ukaipandisha miwani kwenye paji la uso, upepo wote ukakupiga machoni, machozi yakatoka. Ukaishusha, nayo ikawa imeshaganda. Ukaipandisha tena. Nilizima injini nikiwa mbali, nikasubiri ujinasue mwenyewe, maana nitafanyaje? Neema yuko shule. Sufuria iko nyumbani. Wewe ukanyoosha mikono mbele unapapasa hewa, ukaita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwako, "Kuna mtu?"

Kuna mtu, baba. Wahenga walisema lisilo budi hutendwa. Nilikuja mbio kwenye theluji, nikaanguka, nikainuka. Nilikuvua ile miwani. Kope zako zilikuwa zimeshikana kwa barafu, umefumba macho kama mtu anayesali. Nikavua glavu zangu, nikaweka viganja vyangu juu ya macho yako. Ulishtuka mwili mzima, nami nilishtuka zaidi yako, lakini hakuna aliyejitoa. Tulikaa hivyo hadi barafu ikayeyuka ikaniteremkia mikononi.

Ili nikuone vizuri nilikuwa nimevua miwani yangu na kushusha kitambaa. Ukafumbua macho, na hapakuwa na mahali pa kuyapeleka isipokuwa usoni pangu. Ulinitazama. Nilidhani utageuka. Hukugeuka.

Ukasema, "Mwanangu, umechoka hivi! Huwa unalala saa ngapi?"

Miaka yote niliyokuwa hapa hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Si mwanao, na wifi anayesoma hapo amsamehe kaka yake. Si kazini. Si mama yangu kwenye simu, kwa sababu mama huwa namwambia nimelala vizuri. Wewe ulinitazama mara moja tu ukaona. Nilifungua zipu ya koti, nikatoa ile miwani ya pili, kavu, yenye joto la kifua changu, nikakupa mkononi. Ukaipokea kwa mikono miwili. Tukarudi taratibu, na nadhani hukuimba, maana ulifika unaona.

Nyumbani ukarudi kwenye dirisha lako kama hakuna kilichotokea. Ila kesho yake nilipoingia kutoka kazini nikakuta vyombo vimeoshwa, uji uko jikoni, na sauti inasema, "Dirisha, mwambie aliyechoka akalale. Uji umepikwa." Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini wewe jembe ulijichukulia mwenyewe. Kila asubuhi iliyobaki nililala, baba. Nililala kama nilivyolala kwa mama nikiwa mdogo, nikisikia mtu mzima akitembea ndani ya nyumba.

Siku ya kuondoka, uwanja wa ndege, ulinipungia mkono umenipa mgongo. Kwenye simu ya picha, wifi akikusogezea, unafunika kamera na kofia. Nilizoea. Nilijisemea kwamba iko siku nitakuja, nitatafuta kisingizio kingine cha baridi, utanitazama tena mara moja. Hiyo tu ndiyo nilikuwa naitaka.

Juzi wifi kanipigia. Kasema presha ya macho imemaliza kazi yake, daktari kasema hakuna miwani itakayosaidia, na kwamba sasa hata mchana huoni. Kasema umelipokea kwa sala. Halafu akanipa salamu zako, nami namrudia neno kwa neno ili ajue nilisikia: "Mwambieni mkamwana aje. Kipofu hana mkwe. Sasa anaweza kukaa karibu na mimi."

Wewe ulidhani utanifurahisha. Baba, mngeniuliza mimi, ningechagua mwiko ubaki na macho yako yabaki. Ningekupikia miaka ishirini nikiongea na sufuria. Ningezeeka nikitazama kisogo chako, mradi najua upande ule wa pili wa kisogo kuna macho yanayoona dirisha.

Likizo nimepata, na Neema ninakuja naye, sasa ana miaka kumi na moja. Lakini tuelewane. Sitaingia nikakurukia kama mtu asiye na adabu. Nitajitanda kitenge, nitasimama mlangoni, nitakohoa. Wewe geukia dirishani kama kawaida yako. Nitaiambia sufuria shikamoo, nawe utaliambia dirisha marahaba. Nataka nikusalimie kwanza kama mtu anayeona, maana kwangu ndivyo ulivyo.

Ukishalijibu dirisha, uniite. Nitakuja nipige magoti, nawe uweke viganja vyako usoni pangu, kama nilivyoweka vyangu kwenye macho yako siku ile. Pitisha polepole, chini ya macho hasa. Uniambie kama bado nimechoka.

Mkamwana wako,
yule aliyekuwa akiongea na sufuria