Kifungu Kilicho Kwenye Begi la Nora

Mpendwa mshauri Felista, nakuomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata mke wangu, na nakuandikia nikiwa stoo ya shule nimekaa juu ya madawati mabovu, wenzangu wanadhani nahesabu vitabu. Nikimaliza nitaipiga picha barua hii niitume kwenye namba ya WhatsApp ya redio yenu, kwa sababu nikiipeleka kwa gari, Ijumaa itakuwa imeshapita, na Ijumaa ndiyo inayonitisha.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Susuni, Tarime, nina miaka arobaini na tisa, nimefundisha miaka ishirini na minne na yote nimefundisha kwa Kiswahili, kwa hiyo Kiingereza changu kilibaki pale pale nilipokiacha chuo cha ualimu. Shahada niliitamani tangu ujana, lakini baba alifariki nikiwa kidato cha nne na mimi ndiye kifungua mimba, ng'ombe wakanisubiri, wadogo zangu wakanisubiri, na masomo nayo yakabaki yananisubiri. Mwaka jana nikaona watoto wamekua, nikajisemea sasa ni zamu yangu, nikajiunga na chuo kimoja chenye kituo pale Tarime mjini, tunasoma Jumamosi, darasa zima ni watu wazima, manesi, watendaji wa vijiji, walimu wenzangu, vipara na miwani.

Sasa kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza lazima apite mtihani wa ufahamu wa Kiingereza, unapewa kifungu cha habari, unakisoma, unajibu maswali, ukipata hamsini umepita, ukikosa unapewa sapu, yaani unarudia, na ukianguka mara ya tatu unadisko, huna chuo tena. Mshauri, mimi nimeshaanguka mara mbili.

Mara ya kwanza nilipata thelathini na moja, na kilichoniuma ni kwamba nilitoka chumbani nikiwa natabasamu, kwa sababu kifungu kilihusu mzee mfugaji na ng'ombe wake, nikasema hapa Mungu kanikumbuka, mimi nimechunga tangu nina miaka sita. Waliuliza kwa nini mzee aliuza fahali wake, nikaeleza vizuri kabisa kwamba fahali akishaanza kuwapiga wenzake pembe anauzwa, kumbe kifungu kilisema aliuza ili anunue mashine ya kusaga. Waliuliza ng'ombe walikunywa maji mara ngapi kwa siku wakati wa kiangazi, nikaandika mara mbili, kifungu kinasema mara moja. Waliuliza mwandishi anamwonaje mzee huyo, nikaandika anamwona mjinga, maana mtu anayeuza fahali wa mbegu anunue mashine mimi simwelewi, kumbe mwandishi alikuwa anamsifu! Pembeni ya majibu yangu msahihishaji aliandika kwa kalamu nyekundu, tena kwa Kiswahili, "Ni kweli, Mwalimu, lakini kifungu hakisemi hivyo." Nilikasirika sana, mshauri. Kama ni kweli, kwa nini umeniwekea kosa?

Mara ya pili niliogopa, nikatafuta kila neno kwenye kamusi, muda ukaisha niko nusu ya kifungu. Thelathini na nne.

Baada ya hapo nikaacha kwenda. Jumamosi tatu mfululizo mke wangu Agness ananipigia pasi shati, ananikorogea uji, ananisindikiza mpaka kwa bodaboda, mimi nafika Tarime nakaa kwa fundi cherehani mmoja karibu na stendi, nasoma magazeti ya zamani mpaka saa kumi, narudi. Ananiuliza, "Leo mmesoma nini?" Namdanganya. Majirani wameshaanza kuniita Digrii, wananiita hivyo hata mbele ya wanafunzi wangu, na mimi naitika.

Sasa nifike kwenye dhambi yenyewe. Anayetunga na kusahihisha mtihani ule ni binti nitakayemwita Nora, si jina lake, nilimfundisha mwenyewe darasa la nne, na baba yake, ambaye nitamwita Mseti, ni rika langu. Wewe ni mtu wa huku, unajua uzito wake, tulitahiriwa asubuhi moja, damu zetu zilimwagika kwenye uwanja mmoja, mtoto wake ni mtoto wangu, na ombi la mtu wa rika lako hulikatai. Nilikwenda kwake nikamweleza kwamba mtoto anaweza kuninusuru kwa kunionyesha kile kifungu mapema, nikisome nyumbani taratibu. Mseti akacheka, akaniambia kama tunavyoitana wanaume wa huku, "Mura, hilo nalo ni la kuja kunizungushia? Huyo ni binti yako. Atafanya." Nilirudi nyumbani nimefurahi kweli kweli.

Nora alikataa. Baba yake naye akapandwa na hasira, akamwambia Jumapili hii atawaita baba zake wadogo, atatamka mbele yao kwamba binti amemfanya mwongo kwa mtu wa rika lake, na kwamba mwezi wa kumi na mbili hatasimama kwenye sendofu yake, sherehe ya kumuaga anapoolewa. Hilo mimi sikulitaka, mshauri, nakuapia.

Jana Jumatatu Nora akaja shuleni kwa bodaboda. Alinikuta nje ya ofisi, akainama akanisalimia, akaniita Tata kama anavyomwita baba yake, akasema, "Tata, mtihani ni Jumamosi ya wiki ijayo. Kifungu nimeshakitunga, kimo humu kwenye begi. Ukisema nikupe, nitakupa, siwezi kukukatalia wewe na baba wote wawili. Lakini Ijumaa nitaandika barua ya kuacha kazi, kwa sababu siwezi kukaa pale nasahihisha watu huku najua nilichofanya." Macho yake yalikuwa mekundu. Begi lilikuwa hapa, karibu na mkono wangu. Na mimi, mtu mzima, mwalimu wa miaka ishirini na minne, sikusema nipe na sikusema sitaki, nilimwambia, "Tutaongea," akaondoka.

Jana usiku sikulala vizuri. Nikikataa nitadisko na nitakuwa kichekesho kijiji kizima, nikikubali nampotezea mtoto kazi, na Mseti nimeshamwingiza kwenye jambo, sijui kama neno la rika linarudishwa. Nisaidie, nimekwama.

Mimi, Digrii wa Uongo, Susuni.

*

Mshauri Felista anajibu, kipindi cha Jumatano asubuhi:

Mwalimu, pole. Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilihuzunika, mara ya pili nilipofika kwa yule mzee na fahali wake nilicheka mpaka fundi mitambo akachungulia. Unisamehe. Mume wangu naye ni mfugaji, na nina hakika angeandika majibu yale yale, tena angeongeza na kurasa mbili za nyongeza.

Nianze na hilo, kwa sababu unajiona mjinga na si kweli. Mtu asiyejua Kiingereza hawezi kubishana na kifungu cha Kiingereza. Wewe ulikielewa, hukukubaliana nacho tu. Lakini mtihani wa ufahamu haukuulizi unajua nini kuhusu ng'ombe, unakuuliza mwandishi kasema nini, hata kama mwandishi huyo hajawahi kukamua. Mwanafunzi wako wa darasa la nne akisoma hadithi ya sungura, halafu akaandika majibu ya sungura aliyemwona yeye shambani, unamwekea vema? Humwekei, na unajua kwa nini. Nora aliona umahiri wako, akaona aibu kukuwekea kosa kavu, ndiyo maana akakuandikia yale maneno kwa lugha yako. Wewe ukasoma dharau mahali palipoandikwa heshima. Hata hapo, Mwalimu wangu, hukusoma kilichoandikwa.

Na sasa nikugombeze, kwa sababu unastahili. Umemwendea baba ili kumbana mtoto. Hukwenda kwa Nora mwenyewe kumwambia, "Binti yangu, nimeanguka, nifundishe," jambo ambalo angelifanya kwa mikono miwili. Ulijua rika lako halikatai, ukalitumia kama fimbo, tena fimbo ya kumchapia mtoto uliyemfundisha kusoma. Unasema sendofu hukuitaka. Nakuamini. Ila ukishamfungulia ng'ombe zizi huwezi kusema shamba la jirani halikuwamo kwenye mpango. Na lile "tutaongea" lako ndilo baya kuliko yote, kwa sababu umemwachia binti wa watu abebe peke yake uamuzi ambao ni wako. Anakungojea wewe.

Unauliza kama neno la rika linarudishwa. Linarudishwa. Nimezaliwa huku, nimewaona wazee wakirudisha makubwa kuliko hilo. Aliyeomba ndiye mwenye haki ya kusema sihitaji tena, na akishasema hivyo aliyeombwa hana deni, na hakuna aliyefanywa mwongo. Lakini halirudishwi kwa simu wala kwa ujumbe. Utakwenda kwa Mseti kwa miguu yako, utakaa naye, na utamwambia wazi, "Nilikuomba jambo baya, na mtoto wetu alikuwa sahihi." Sema "mtoto wetu", usiseme "binti yako", ili asikie kwamba unamtetea ukiwa baba. Kisha umwombe Jumapili asiite kikao, na kama ameshaita, wewe ukae hapo hapo useme maneno hayo mbele ya wale baba wadogo. Utaona aibu. Vumilia, aibu yako ya nusu saa si kitu mbele ya msichana anayekwenda kwa mumewe bila baba yake kusimama.

Kwa upande wa mtihani, utafanya. Maji umeshayavulia nguo, sasa yaoge. Kesho andika barua kituoni, fupi tu, kwamba wewe na mtunzi mna uhusiano wa kifamilia na unaomba mtu mwingine atunge na asahihishe mtihani wako. Hiyo itamlinda Nora, na itakulinda wewe pia, kwa sababu ukifaulu hakuna atakayenong'ona. Una siku kumi. Tafuta vifungu vifupi, hata vya vitabu vya kidato cha pili, na uanze kwa kusoma maswali kabla ya kifungu. Kamusi iweke kabatini, neno gumu liruke, mara nyingi sentensi inayofuata inalieleza. Na kwa kila jibu weka kidole kwenye mstari ulikolitoa. Usipopata mstari, jibu hilo ni la kwako, si la mwandishi, lifute hata kama ni kweli tupu. Nakuonya, hata ukifanya haya yote unaweza kuanguka. Ukianguka utauliza chuo wanaruhusu kuomba upya lini, na kijiji kitacheka wiki mbili, halafu kitapata mtu mwingine wa kumcheka.

Agness umwambie leo usiku, na umwambie yote, pamoja na fundi cherehani. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mwanamke anayekupigia pasi shati kila Jumamosi hakuolewa na digrii, na huenda akawa wa kwanza kukushikia kitabu na kukuuliza, "Mstari uko wapi?"

Hayo yote yana muda wake. Lipo moja ambalo halina. Leo ni Jumatano, na barua ya kuacha kazi itaandikwa keshokutwa na msichana ambaye mpaka dakika hii hajui umeamua nini. Usingoje tangazo la biashara liishe, usingoje mapumziko ya saa nne. Zima redio, Mwalimu, mpigie Nora umwambie hukitaki.