Darubini Aliyoitaka Baba

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo wote, na mama naye anakusalimu. Amesimama nyuma ya kiti changu muda huu, ananihimiza nisisahau kuuliza kama kile kikohozi kimekuacha. Je, kimekuacha? Na wifi hajambo? Na mtoto, ameanza kutambaa au bado anabebwa kila mahali kama mfalme? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mvua zilikuja kwa wakati, mahindi yamekomaa, na mimi bado nashona sare kwenye kiwanda kile kile, nimekalia cherehani inayopiga kelele kuliko msimamizi wetu.

Nimechelewa kukuandikia, na si kwamba sikuwa na la kusema. Mara kadhaa nilikupigia simu nikiwa nimekusudia kabisa kukueleza, lakini nikisikia tu sauti yako nilijikuta nauliza habari za hali ya hewa. Kwa hiyo nimeona bora niandike. Karatasi hainikatizi, wala hainiulizi kwa nini nimenyamaza.

Ni habari za baba. Usishtuke, yu hai, yuko hapo nje amekaa. Lakini isome barua yote kabla hujanipigia.

Unaijua kazi yake. Kila mahindi yanapokaribia kukomaa, chama cha wakulima humwita akae pembeni mwa mashamba jua linapozama, awapige nguruwe pori kabla hawajamaliza jasho la watu. Wewe ndiye uliyekuwa ukimbebea mkoba, kwa hiyo unajua kuliko mimi jinsi alivyokuwa mgumu wa kufyatua. Wenzake walimcheka wakisema anataka kwanza kumsalimia nguruwe na kumuuliza jina.

Katikati ya msimu huu alianza kulalamikia darubini ya bunduki yake. Alisema imeingia unyevu, imekuwa nyeusi, jua likishuka kidogo tu haoni kitu. Akawa anaifuta kwa khanga ya mama mpaka mama akaificha khanga yenyewe. Akataka nyingine, yenye mwanga wa kutosha jioni na bei ya mtu wa kawaida. Kaka, ilikuwa ndiyo hadithi yake asubuhi na jioni. Tukila, darubini. Tukianua nguo, darubini. Mimi nilifurahi, nikaona angalau kapata kitu cha kumchangamsha, maana alikuwa amekuwa mkimya sana. Kilichonishangaza ni mama. Mama ambaye hubishana bei hata ya chumvi, aliniita kando akaniambia niende naye mjini, na kama ile nzuri zaidi ni ghali, tuichukue hiyo hiyo, tusibane.

Tukaenda. Duka lenyewe liko nyuma ya soko, chumba chembamba chenye nondo mlangoni, kinanuka mafuta ya bunduki. Muuzaji ni mtu mzima mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani, na muda wote alikuwa anaitafuta ile ya kichwani. Nilimpenda palepale, kwa sababu hakukimbilia kutuuzia. Alisema wengi huingia wakiulizia darubini inayovuta zaidi, wakidhani kuvuta ndiko kuona. Kumbe kadiri unavyokivuta kitu karibu, ndivyo picha inavyozidi kufifia giza linapoingia. Cha kutafuta, alisema, ni kioo cha mbele kilicho kipana kiasi, lenzi zilizopakwa vizuri ili zisiurudishe mwanga nje, na uvutaji wa wastani. Kikiwa kipana kupita kiasi nacho ni mzigo, darubini inakaa juu mno na shavu linakosa pa kuegemea. Baba alikuwa anaitikia kwa kichwa, anauliza maswali ya kikazi hasa, nami nilijiona mwenye fahari kusimama karibu naye.

Muuzaji akatandika kitambaa kwenye kaunta, akaziweka tatu. Moja ilikuwa rahisi, akatuambia waziwazi kwamba asingeichukua yeye. Moja ya katikati, ambayo kwa maoni yake ndiyo ilistahili bei yake. Na moja ghali, ya watu wenye magari makubwa. Baba akasema hachagui mchana, kwa sababu mchana hata kitako cha chupa kinaona. Muuzaji akacheka, akatuletea viti na chai, tukasubiri jua lishuke.

Mwanga ulipoanza kupungua tukasimama mlangoni. Ng'ambo ya barabara kuna nyumba ya ghorofa, na mama mmoja alikuwa barazani juu anaanua nguo. Mimi nikapewa ya katikati kwanza. Kaka, niliona mpaka vibanio vya nguo, na kiraka kwenye shuka, wakati kwa macho yangu nyumba nzima ilikuwa imeshakuwa kivuli. Nikampa baba. Akaiweka kwenye jicho la kulia, akakaa nayo kitambo, akasema ni giza. Akapewa ile ghali. Giza vilevile, akasema, watu wanaibiwa. Muuzaji hakubishana naye. Akaichukua ya katikati, akaanza kuirudishia vifuniko vyake ili aiweke kabatini, na cha mbele alikuwa ameshakifunga wakati baba aliponyoosha mkono kuitaka tena.

Akaichukua, akailekeza ng'ambo. Kifuniko kilikuwa mbele ya kioo, cheusi, kimekaa barabara. Nilifungua mdomo nimwambie.

"Hii," baba akasema. "Hii ndiyo. Hii inaona. Namwona yule mama na nguo zake."

Yule mama alikuwa ameshaingia ndani na kufunga mlango.

Sijui nikueleze vipi nilivyojisikia. Muuzaji alinitazama mara moja tu, kisha akaangalia chini. Aliipokea darubini kutoka mikononi mwa baba polepole, kwa mikono miwili, akasema samahani mzee, hii niliyokupa naona ina kasoro, siwezi kukuuzia, nitaagiza nyingine. Mtu baki kabisa, Kaka, na mpaka leo namwombea heri.

Tulitembea kuelekea stendi. Baba alikuwa amenishika mkono, na hapo ndipo nilipogundua kwamba alikuwa ananishika hivyo tangu asubuhi, kila tulipovuka barabara, nami nilidhani ni mapenzi ya mzazi. Karibu na stendi akasimama.

"Kilikuwa kimefunikwa, sivyo?"

Nikamwambia ndiyo, baba.

"Nilikigusa kwa kidole baada ya kusema," akasema. "Maneno yalikuwa yameshatoka."

Kesho yake niliomba ruhusa kazini nikampeleka hospitali ya macho. Daktari, binti mdogo tu mwenye sauti ya upole, alimpima kwa muda mrefu. Alisema ni presha ya macho. Imekuwa ikiua mshipa wa ndani kidogokidogo, bila maumivu, na mtu hashtuki kwa sababu jicho moja humfichia mwenzake. Jicho la kulia limekwisha. La kushoto limebakiwa na uwazi mwembamba, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na dawa ya matone inaweza kulishikilia kwa muda, lakini kilichopotea hakirudi. Nilimuuliza ni kwa muda gani. Hakuniahidi kitu.

Sasa nafika pale ambapo kalamu inakuwa nzito.

Tulipotoka kwa daktari tulikaa kwenye benchi la ukumbini kusubiri dawa. Baba akaniuliza kama kuna watu karibu. Nikamwambia hakuna anayetusikiliza. Ndipo akaniambia habari za Kimya.

Tulikuandikia kwamba mbwa wako aliumwa na nyoka. Mimi nami niliambiwa hivyo, nikalia, nikakuandikia kwa mkono wangu. Haikuwa nyoka, Kaka. Baba ndiye aliyempiga. Jioni moja kule mashambani aliona kitu cheusi kinakuja chini kwa chini kati ya mahindi. Hakusikia kubweka, nawe unajua kwamba Kimya hakuwahi kubweka, ndiyo maana ulimpa jina hilo. "Nilimtaka awe nguruwe," baba aliniambia, "basi akawa nguruwe." Akafyatua.

Na nyuma ya Kimya alikuwa mama, na chupa ya chai. Alikuwa anampelekea baba, kama alivyozoea, na mbwa alimtangulia. Kimya alianguka miguuni pa mama. Mama anasema alisimama pale anaita jina la baba, amjulishe tu kwamba yeye mzima, na baba hakuitikia. Alikuwa amekaa chini na bunduki mapajani, anaogopa kwenda kuangalia amempiga nani. Mama ndiye aliyemfuata akamkuta hivyo. Walimzika Kimya wenyewe, wakakubaliana kwamba ni nyoka, na wakakubaliana pia kwamba darubini imeharibika.

Niliporudi nyumbani nilimkuta mama anaosha vyombo. Nikamuuliza, kwa hasira nakiri, ilikuwaje ajue asiseme, aliwezaje kumwacha mtu huyo arudi tena mashambani jioni baada ya jioni. Hakugeuka.

"Nilitaka iwe darubini," akasema. "Darubini inanunulika, mwanangu."

Nilichukua kitambaa nikaanza kukausha sahani, tukamaliza vyombo vyote pamoja.

Bunduki haipo tena nyumbani. Baba mwenyewe aliipeleka kituo cha polisi pamoja na leseni, mimi nikiwa nimemshika mkono. Karani alimuuliza sababu ya kuirudisha. Alisema, macho, kisha akaomba aiguse mara moja kabla haijawekwa ndani. Wakulima wamempata mwindaji mwingine. Baba hukaa nje jua likielekea kuzama, lakini huingia ndani mapema, kabla hajasikia mlio wa kwanza wa bunduki, na hufunga dirisha. Mama humtia matone asubuhi na jioni, naye hufumba macho kama mtoto na kugombana naye. Hiyo ndiyo kelele pekee iliyobaki humu ndani.

Nilipomwambia ninakuandikia, nilimuuliza nikueleze vipi habari za mbwa. Nilitaka kuandika kwamba ilikuwa bahati mbaya. Akanikataza. Akasema niandike kwamba alimpiga yeye, na kama ni bahati mbaya au si bahati mbaya utasema wewe, maana ulimlea kwa chupa ya maziwa tangu hajafumbua macho. Haombi umsamehe kwa barua. Anasema jambo la namna hii husemwa watu wakitazamana.

Na hilo ndilo ninalokuomba, Kaka. Yeye hatakuomba, unamjua. Lakini kila siku ananiuliza mtoto wako amefanana na nani, pua yake ni ya upande gani, kama ana lile paji la babu. Picha uliyotuma anaisogeza karibu kabisa na uso, anaizungusha, kisha ananirudishia na kusema mzuri sana, na mimi sijui ameona nini. Asubuhi, mwanga ukiwa mwingi, bado anaweza kuuona uso wa mtu aliye karibu, kipande kwa kipande. Omba ruhusa kazini. Kama hawakupi, omba tena. Mje wote watatu mapema mwezi ujao, msisubiri mwisho wa mwaka.

Mama anasema umwambie wifi alete nguo za baridi za mtoto. Nami nakuombea safari njema kabla hata hujaikubali.

Ni mimi mdogo wako,
yule uliyekuwa ukimwita Kiroboto