Sufuria ya Muthokoi ya Kioko

Mwende wangu, habari ya huko chuo? Hapa Kikima tuko sawa. Umau, babu yako, anakohoa, lakini kelele yake haijapungua. Mimi bado nauza avokado, na mdomo naongeza bure.

Umeniuliza kama huyo rafiki yako kuvaa koti yako bila ruhusa ni kosa ama ni dhambi. Wacha nikuambie juu ya kaka yangu Kioko.

Zamani tulichimba matuta kwa mwethya, wote pamoja, leo shamba ya huyu, kesho ya yule. Usipokuja, tuliita hiyo kosa. Ulipika sufuria ya muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, tukakula, tukakucheka, ikaisha. Siku moja Kioko alilala, hakuja. Kiongozi mpya, mtu wa kanisa sana, akamwambia mbele ya watu, "Kioko, hii ni dhambi."

Kioko akauliza, "Sasa hiyo nitaipikia muthokoi gani?"

Hakuna mtu alicheka. Akabeba jembe yake akaenda, na hakurudi mwethya tena maisha yake yote. Siku ya kumzika, ni sisi wa mwethya tulichimba kaburi.

Huyo msichana mwambie amekosa, akupikie chapati. Mle, umcheke.

Ni mimi susu, nyanya yako.