Hamira Iliyonuna

Nyumba ya mlango wa bluu,
Mkabala na kiwanda cha mikate cha shangazi yako.
Jumapili, tarehe 9 Agosti.

Mpendwa mjukuu wangu, tena mume mwenzangu,

Salamu nyingi zikufikie huko kwenye maabara yako, zikukute umekula na umelala. Kifua chako kinaendeleaje, na lile koti jembamba ulilokwenda nalo linakutosha? Mimi ni mzima, ila goti la kushoto lina akili zake siku hizi. Bibi yako hajambo. Bado anadai wewe ndiye mumewe wa kweli na mimi ni mpangaji tu.

Habari kubwa ni kwamba sasa mimi ndiye msimamizi wa kiwanda cha shangazi yako. Hakuna mkate unaoingia tanurini kabla sijatoa neno.

Haya, nimesema uongo. Nimefukuzwa. Nakuandikia nikiwa barazani, ng'ambo ya barabara, nanusa mikate kama mbwa wa jirani, na kiti changu kiko kulekule ndani karibu na tanuri, kinakaliwa na mtu nitakayemtaja baadaye. Unajua jinsi goti hili linavyolipenda lile joto. Nataka kurudi.

Na chanzo ni wewe. Unakumbuka uliponieleza kwa simu hayo masomo yako ya hamira? Ulisema kila chembe, ndogo hata jicho haliioni, ina walinzi kwenye ngozi yake. Sukari ikifika, mlinzi wa mlangoni anamgusa wa ndani, naye anamgusa mwingine, habari inapokezanwa mpaka kwenye kiini, na huko amri inatolewa: kuleni, kueni, zaaneni. Nikapenda sana. Humu kwetu nikisema nina njaa, habari ikifika jikoni imeshakuwa nimemtukana mpishi.

Ulipofika kwenye matatizo ya hamira, bibi yako akaninyang'anya simu, eti ni zamu yake kuongea na mumewe. Nikabaki na nusu ya elimu. Unanijua, nusu kwangu inatosha.

Basi hospitali ikaomba mikate ya majaribio. Ikiwapendeza, shangazi yako atawapelekea kila siku. Kazi hiyo ameifukuzia tangu mwaka jana. Alfajiri akanikabidhi ndoo ya hamira, imeloweshwa katika maji ya vuguvugu, niitazame tu. Nikaitazama. Nikaona inazembea. Nikawaza: kama kijiko cha sukari kinaiambia ikue, kopo zima litaiambia ikimbie. Nikamimina kopo. Halafu, nisionekane bahili, nikaongeza jingine.

Unga ukakandwa, ukafunikwa, ukalala pale kama godoro la mgonjwa. Jua likatoka, haujaumuka hata kidogo. Shangazi yako akaonja, akanigeukia.

"Baba, umetia nini humu?"

"Motisha," nikasema.

Akamwita mkandaji wake, yule tunayemwita Mbavu, aubebe akautupe. Pipa lenye unga ule lilikuwa limefika mlangoni bibi yako alipoingia kuniletea dawa ya kuchua. Akaelezwa. Akaketi juu ya kifuniko.

"Hautupwi. Mume wangu aliniambia. Sukari ikizidi inainyonya hamira maji, inasinyaa. Walinzi wengine wanapeleka habari ndani kwa njia yao: acheni kukua kwanza, tengenezeni kitu kizito kama asali, kishikilie maji. Hii haijafa. Imenuna."

"Itanuna mpaka lini, mama? Mikate inatakiwa kwenye chai ya saa nne."

"Ongezeni unga na maji, sukari ipungue ukali. Kisha muiache. Na huyu mzee akae mbali nayo."

Tulikaa tukiutazama unga ule kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Shangazi yako alikuwa anafuta meza iliyokwisha kuwa safi, anafuta tena. Hapo, nakwambia kweli, mzaha ulinitoka. Asubuhi ikatambaa. Mwishowe kitambaa kikaanza kuinuka katikati, polepole, kama tumbo la mtu anayevuta pumzi.

Mikate ilifika hospitali saa ya chai ya jioni. Mbavu alirudi akasema mpishi wao amelalamika sana kuhusu kuchelewa, kisha akauliza kama ya kesho itakuwa na utamu uleule. Shangazi yako amepata kazi. Mimi nimepigwa marufuku. Bibi yako amepewa kiti changu.

Nisalimie mjomba wako fundi saa, na mkewe anayemvumilia. Huku dada zako wanakusalimu, na Mbavu pia. Mungu akukinge na baridi, akupe kibali kwa wakubwa wako, na chembe zako zikutii kuliko watu wa nyumba hii wanavyonitii mimi.

Wako akupendaye, ingawa unaniibia mke,
Babu

Nilitaka kusahau. Siku ile ulipoivunja redio ya mama yako, mimi ndiye niliyesema nimeikalia. Wema huo hujaulipa. Mpigie shangazi yako, mweleze kwa yale maneno yako marefu kwamba chembe ikishtuliwa hutulia, hujirekebisha, kisha huendelea na kazi, na kwamba babu naye ni vivyo hivyo. Hamira ilisamehewa kabla ya adhuhuri. Mimi hii ni wiki ya pili. Sukari sitaigusa. Nataka kiti tu, hata kwa zamu na bibi yako.