Askari Wenye Majembe

Jumanne. Mawingu tangu asubuhi, na ziwa limepauka kama maji yaliyooshewa mchele.

Leo nimetimiza wiki ya tisa. Mimba zangu mbili za mwanzo hazikufika ya kumi.

Miaka kumi na moja nafundisha baiolojia hapa Mirongo, na kila mwaka nachora ubaoni seli nyeupe zikiwa askari wenye marungu: kitu kigeni kikiingia, kipigwe. Wanafunzi wanacheka, wanaelewa, wanafaulu. Basi mimba zilipoharibika nikajihukumu kwa mchoro wangu mwenyewe. Nusu ya mtoto ni ya baba yake, kwangu ni mgeni. Askari wangu wamempiga. Hata mume wangu hajui kwamba nilikuwa namwomba mtoto msamaha nikiwa bafuni.

Leo kliniki nimemmwagia daktari yote. Hakunicheka. Amesema kwenye ukuta wa mji wa mimba, miezi hii ya mwanzo, seli za kinga hujaa kweli, na nyingi zina jina baya, seli wauaji. Lakini pale kazi yao si kuua. Zinasaidia kutanua mishipa ya damu ya mama ili kondo la nyuma lipate cha kumlisha mtoto. Mimba nyingi zinazotoka mapema, akasema, si kosa la mama.

Hakuniahidi kitu.

Nimetoka nikakaa kwenye benchi, nikamkumbuka marehemu baba. Kwetu Usagara alikuwa sungusungu, wale walinzi wa kijiji, filimbi shingoni hata akila. Mwaka nilioanza shule ilihamia familia moja na ng'ombe wao wawili. Baba na wenzake waliwahoji mchana kutwa, pinde mikononi. Kesho yake nikawakuta walinzi walewale wameshika majembe, wanachimba mfereji kutoka kijitoni mpaka kwa wale wageni. Nikamuuliza baba mbona leo halindi.

"Nisimame hapa na upinde, wao wanywe nini?"

Jamani, nimemkumbuka mpaka harufu ya jasho lake. Angekuwepo ningemwambia yeye kwanza.

Jioni nimempigia mama, ambaye safari hii nilimficha. Shikamoo mama, nina mimba, wiki ya tisa. Akauliza taratibu, kama anayepokea mgeni mlangoni: "Amefika salama?"

Amefika, mama. Mengine sijui.

Kesho kipindi cha kwanza nina kidato cha pili, mada ni kinga ya mwili. Nitawachora askari wangu na marungu yao kama kawaida. Halafu mmoja nitampa jembe.