Kijiji cha Waholanzi Kilichofika Ngarenaro

Kaloleni, Arusha
9 Novemba 1992

Kwa dada yangu mpendwa Sinyati,

Shikamoo dada. Natumaini kile kifua kimekuachia na ng'ombe wamepata majani baada ya mvua hizi. Mimi huku mjini ni mzima, nakula nashiba, ila vicheko vimezidi, na ndivyo vilivyonifanya nishike kalamu.

Unajua tangu kiwanda kitupunguze nauza chai na maandazi Ngarenaro, mlangoni kwa Yoeli, fundi wa fremu za picha. Wiki iliyopita mama mmoja wa Kiholanzi anayefundisha Tengeru alimletea picha kuukuu ya kwao, kioo kimepasuka. Alitueleza kwamba aliyeitengeneza alichonga mistari kwenye bamba la shaba, akalipaka wino, akaligandamiza kwenye karatasi, zamani hizo hata babu wa babu yetu hajazaliwa.

Dada, ungeiona! Ni kijiji siku ya sherehe. Nyumba za nyasi, nguruwe anapita katikati ya watu, mpiga zumari amevimbisha mashavu, wanawake wanene wanaruka na viatu vya mbao. Kando ya pipa la pombe bwana mmoja amelala chali, mkewe anamvuta mguu. Tunu, jirani yangu muuza mitumba, alipiga kelele kwamba huyo ni mume wake, sasa kafikaje Ulaya bila pasipoti! Mafundi baiskeli wakatupa spana kuja kutazama. Mimi nilidhani Wazungu walizaliwa na magari. Kumbe nao walikanyaga matope. Picha haina rangi hata kidogo, ni mistari tu, lakini jua unaliona mgongoni mwa ng'ombe.

Wenzetu walipotawanyika, Yoeli aliniuliza nimependa nini. Nikamwonyesha mama mmoja mlangoni, mdogo kama ukucha, ameshika jagi. Wote wanacheza, yeye anamimina. Yoeli akainama kumtazama, akasema, “Na wewe Resiato, nani anakumiminia?”

Nikajifanya nakoroga sukari. Kesho yake alikuja na chupa ya chai kutoka kwake, akanikalisha kwenye kiti chake, akanimiminia mbele ya mafundi wote. Tangawizi ilizidi mno. Niliimaliza.

Sasa nikuambie lililonileta. Tulipomzika marehemu mume wangu nilisema sitaolewa tena, nawe ukasimama nami mashemeji waliponibana nirithiwe. Dada, moyo umegeuka. Jumapili tukitoka kanisani Yoeli aliniomba tuoane, nami nimekubali. Naye amefiwa na mke. Ni Mmeru, si wa kabila letu, najua utaguna. Guna, kisha unipe baraka zako, maana bila hizo sitaenda.

Yeye na wazee wake watakuja kwako Jumamosi ya wiki ijayo. Mwambie baba mdogo Parsimei mapema, asije akasikia sokoni.

Wabusu watoto wote kwa niaba yangu. Wageni uwape maziwa, na tafadhali mfunge yule mbwa: Yoeli ni jasiri kwa mambo yote isipokuwa hilo.

Mdogo wako akupendaye,
Resiato