Rekodi ya Mama Kasoki

Campbelltown, Sydney
28 Novemba 2021

Mpendwa Dada Leokadia,

Shikamoo. Habari za siku nyingi, na habari za Bukoba na mvua zake? Goti lako linaendeleaje, na ile chanjo uliyokuwa unaiogopa ulishachoma? Mimi mwili ni mzima. Nimechanjwa mara mbili, sijaugua, nakula, ila usingizi ni wa kubahatisha. Walitufungulia mwezi wa kumi baada ya kutufungia karibu miezi minne, na sasa angalau tunakwenda kanisani, ingawa bado na barakoa zetu.

Nakuandikia barua badala ya kukupigia kwa sababu simu yako inashikwa na kila mtu hapo nyumbani, na ukipata ujumbe wangu tu unausambaza kwenye grupu la ukoo. Hii isome peke yako. Umeniuliza mara tatu kwa nini sikutumii link ya maonyesho yetu ili uwaonyeshe walimu wenzako kwamba mdogo wako anaandika historia ya Australia. Sikutumii, dada, na nikimaliza kukueleza hutaitaka.

Kwanza uelewe kazi yenyewe, maana najua unawaambia watu niko serikalini. Siko serikalini. Ni chama cha historia ya jimbo, kinaitwa Merriton kwa jina la tajiri aliyekiachia nyumba alipokufa. Kina wanachama, wengi wao wastaafu, wanaolipa ada kila mwaka na kuchagua baraza la watu kumi na wawili. Baraza linamwajiri mkurugenzi, mkurugenzi ana mkutubi na mhasibu, halafu kuna wazee wanaojitolea kupanga picha na barua za zamani kwenye maboksi. Chini kabisa ndipo tulipo sisi tulioajiriwa kwa mradi, siku tatu kwa wiki, na mradi ukiisha na sisi tumeisha. Kazi yenyewe sikuidharau. Mtu yeyote anaingia bure kwenye chumba cha kusomea, anaomba gazeti la mwaka wa babu yake, analetewa mezani. Nimewaona watu wazima wakilia kwa kukuta jina la mtu wao kwenye karatasi, nikasema moyoni, hapa nimefika.

Fedha zao zinatoka kwenye ada, kwenye wosia wa wanachama waliokufa, na kwenye ukumbi wa chini uliokuwa ukikodishwa kwa harusi. Korona ikafuta harusi. Ikabaki ruzuku ya serikali, na ruzuku inataka idadi: wahamiaji wangapi wamerekodiwa wakisimulia walivyoishi na korona, na rekodi ngapi ziko wazi kwa umma. Uozo wote umeanzia hapo. Rekodi iliyofungwa haihesabiwi. Mkurugenzi alituambia kwenye Zoom, huku anakunywa chai yake taratibu, kwamba fomu ina mahali pa kuweka alama kama mtu anataka kufunga maneno yake, lakini tusiwe wepesi wa kupataja. Nilisikia, nikanyamaza, na tangu siku hiyo nikawa mwenzao.

Mwezi wa nane, tukiwa tumefungiwa, nilimrekodi Mama Kasoki kwa simu. Ni Mkongo wa Butembo, anakaa St Marys, anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee. Nilimfahamu kanisani. Tuliongea saa mbili nzima. Alinieleza jinsi alivyokuwa akiwashikia simu wale wazee ili waagane na watoto wao. Halafu, sijui ni upweke wa kufungiwa au ni kwa vile nilikuwa namsikiliza tu, akanieleza jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Binti yake Falone, ana miaka kumi na saba, hakumzaa yeye. Alimwokota kando ya barabara walipokuwa wakikimbia vita, pembeni ya mwanamke aliyekufa, mtoto hata kutambaa hajaanza. Akambeba mgongoni mpaka kambini Uganda, akamwandikisha kuwa wake. Falone hajui. Akaniambia, "Hii usiweke mbele ya watu, mtoto wangu. Nitamwambia mwenyewe akimaliza mitihani." Nikamjibu, "Ndiyo, mama."

Kwa kuwa hatukuweza kukutana na watu, fomu tuliruhusiwa kuwajazia, wao wanakubali kwa mdomo. Mama Kasoki hakwenda shule, kusoma hawezi. Nilimwambia ni fomu ya kukubali kurekodiwa, akasema jaza tu. Pale pa kufunga sikuweka alama. Sikusahau, dada, nataka ujue hilo. Nilikuwa nimebakiza rekodi mbili nitimize idadi yangu, na mkataba ulikuwa unaisha Septemba, bila idadi kutimia hauongezwi. Nikajidanganya kwamba nani hapa Sydney atakaa kusikiliza saa mbili za Kiswahili cha Kongo. Na bado tafsiri ya Kiingereza niliifanya mimi mwenyewe, yote, bila kuruka neno, kwa sababu tafsiri kamili nayo inahesabiwa.

Uzinduzi wa maonyesho ya mtandaoni ulikuwa Alhamisi ya tarehe kumi na nane mwezi huu, saa kumi na mbili jioni, kwenye Zoom. Asubuhi nikaletewa ratiba, nikaona wamechagua dakika nne za Mama Kasoki, na ni zilezile za barabarani. Nikamwambia mkurugenzi huyu mama aliomba zisitoke. Akafungua fomu, akaniuliza aliomba wapi. Nikampigia Mama Kasoki mara nne, yuko zamu, simu iko kabatini. Ujumbe sikumwachia, kwa sababu jumbe zake anayemfungulia na kumsomea ni Falone. Ningeweza kupanda treni nikamsubiri mlangoni kwake. Sikupanda.

Jioni nikawaona kwenye skrini. Mama Kasoki alidhani watamtoa akieleza kazi ya wazee, basi alikuwa amevaa kitenge kipya na kilemba, amewaalika wanawake wanne wa kwaya, na Falone amekaa katikati yao maana ndiye aliyewawashia kompyuta, vitabu vyake vya mtihani kaviweka pembeni. Yule binti ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, lakini anaelewa kila kitu. Sauti zao zilikuwa zimezimwa. Zile dakika nne zilipopigwa, nilimwona Falone anamgeukia mama yake na kumuuliza kitu. Mama yake hakumtazama. Mwanamke mmoja wa kwaya akanyoosha mkono akafunga kompyuta.

Unajua wenzangu walifanya nini? Walituma vijimoyo, vile vyekundu vya kwenye Zoom, vikawa vinapanda tu kwenye skrini. Mtu wa ruzuku akashukuru kwa jambo zito kiasi kile. Mkurugenzi akaniandikia pembeni, hongera, hii umetuletea wewe. Kinyaa nilichosikia siku ile hakijaniisha hadi leo, na sehemu kubwa ni cha nafsi yangu.

Kesho yake niliomba rekodi iondolewe. Nikajibiwa kwamba hilo ni la baraza, na baraza linakaa Februari. Yaani wanaongea hivyo bila hata kuona haya. Mkutubi, yeye ni mama wa watu, alipekua kanuni akakuta kifungu kinachomruhusu kuitoa kwenye tovuti wakati malalamiko yanasubiri kikao. Ameitoa. Lakini zaidi ya watu mia tatu walishaisikia, na rekodi yenyewe ni mali ya chama mpaka baraza liseme vingine. Nimeliandikia baraza ukurasa mmoja, nimesema alama niliiacha makusudi, na nimemtaja aliyetuelekeza. Kazi nadhani ndiyo imekwisha. Mama yetu usimwambie kwanza.

Falone hayuko nyumbani. Amehamia kwa rafiki yake wa shule huko Blacktown, na mitihani miwili hakuingia. Amemtumia mama yake ujumbe mmoja tu, mwanamke wa kwaya ndiye aliyemsomea. Anauliza yule mwanamke wa barabarani alikuwa amevaa nini.

Jana nilikwenda St Marys. Mama Kasoki hakunikaribisha ndani, tulikaa kwenye ngazi. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha, hata kupiga magoti ningepiga. Hakutaka kusikia. Aliniuliza, "Ile karatasi uliniandikia iko wapi? Unisomee." Nilikuwa nayo. Nikamsomea palepale, mstari kwa mstari, nikiigeuza Kiswahili: chama ni akina nani, sauti yake itatunzwa wapi, nani ataruhusiwa kuisikia. Nikafika pale panaposema msimuliaji anaweza kufunga maneno yake, yote au sehemu, kwa miaka yoyote atakayo, na hatadaiwa sababu. Akaniambia nirudie hapo. Nikarudia. Karatasi nzima haikufika dakika tano.

Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha.

"Kumbe kusoma unajua," akasema, akaingia ndani.

Basi dada, ndiyo habari yangu. Walimu wenzako waambie maonyesho yamefungwa, na usinisifie tena kwa mtu. Nisalimie shemeji Ulimboka, na Rhoda na Calvin waambie mjomba anawakumbuka. Mungu akutunzie nyumba yako na goti lako. Mimi usiniombee kazi nyingine. Ukienda misa ya asubuhi muombee huyo binti, amalize mitihani iliyobaki, na arudi kwa mama yake.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,

Fidelis